Madirisha yakikataa, mashine haijafa: historia ya mfumo wa X kwenye kompyuta za Unix

Jioni moja, dakika arobaini kabla ya kipindi cha matangazo ya familia, kompyuta ya studio ilikataa kufungua madirisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Tuliwasha jenereta, tukabonyeza kitufe, mashine ikavuma kama kawaida. Lakini pale tulipozoea kuona picha na alama za programu, kioo kilibaki cheusi, na juu yake mistari michache ya maandishi meupe ya Kiingereza.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, wakati watu wanakimbia. Majina yao yalipaswa kusomwa hewani jioni ileile. Nje ya mlango, akina mama wawili kutoka kambini walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja.

Mimi nilisema wazi kwamba mashine imekufa. Mwenzangu alitaka tuifute yote na kuanza upya. Fundi wetu, mzee ambaye sote tunamwita Papa, alitazama kioo bila haraka, kisha akaniambia: "Mwanangu, mashine haijafa. Madirisha ndiyo yamekataa kufunguka. Hivyo ni vitu viwili."

Akaandika jina na neno la siri, akaandika amri fupi, na majina ya watoto yakatokea kwenye kioo kilekile cheusi, mstari kwa mstari. Nilichukua kalamu nikayanakili yote kwenye daftari. Kipindi kilianza kwa wakati wake.

Kesho yake Papa alituonyesha sababu. Diski ilikuwa imejaa sauti za zamani, na haikubaki nafasi hata ya faili dogo ambalo mfumo wa madirisha hulazimika kuandika kila unapoanza. Alihamisha sauti hizo kwenye diski ya nje, akaandika neno moja, startx, na madirisha yakarudi.

Maneno yake yalinibaki kichwani: vitu viwili. Nani aliamua kwamba madirisha na mashine viwe vitu viwili? Nimefuatilia, na jibu linatupeleka mbali na kwetu, Marekani, miaka arobaini nyuma.

Kabla ya madirisha

Unix ni mfumo wa kuendesha kompyuta. Ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao. Wakati huo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Kila mtu alikaa mbele ya kibodi iliyounganishwa na mashine kubwa, akaandika amri, akajibiwa kwa maandishi. Hapakuwa na picha, wala kipanya, wala dirisha. Linux, ambayo iko kwenye kompyuta nyingi za zamani tunazotumia huku, iliandikwa baadaye, kuanzia mwaka 1991, kwa kufuata mtindo huo wa Unix.

Madirisha yalizaliwa kwingine. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox, huko California, walitengeneza kompyuta iliyoitwa Alto, yenye kipanya na kioo cha kuchora picha. Mwezi wa kwanza mwaka 1984 kampuni ya Apple ikaanza kuuza Macintosh, na watu wengi wakaona madirisha kwa mara ya kwanza. Kwenye Macintosh, madirisha na mashine vilikuwa kitu kimoja. Ukiwasha mashine, madirisha ndiyo hayo. Yakikwama, kila kitu kimekwama.

Mwaka huohuo wa 1984, watu wengine walichukua njia tofauti.

Tatizo la mashine zisizofanana

Mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, kuna chuo kikuu kiitwacho MIT. Mwaka 1983 chuo hicho kilianzisha mradi mkubwa uliopewa jina la Athena, pamoja na kampuni mbili za kompyuta, DEC na IBM. Lengo lilikuwa kuwapa wanafunzi wote kompyuta za kusomea. Shida ilikuwa kwamba mashine za DEC na za IBM hazikufanana. Programu iliyochora picha kwenye moja haikuweza kuchora kwenye nyingine. Nao walitaka mwanafunzi akae mbele ya mashine yoyote, katika jengo lolote, akute kazi yake.

Wawili walikutana kwenye tatizo hilo. Robert Scheifler alikuwa mtafiti wa maabara ya kompyuta ya MIT, na alihitaji madirisha kwa kazi yake mwenyewe. Jim Gettys alikuwa mfanyakazi wa DEC aliyetumwa kwenye mradi wa Athena. Hawakuanza mikono mitupu. Kwenye chuo kikuu cha Stanford, Paul Asente na Brian Reid walikuwa wamekwisha kuandika mfumo wa madirisha walioupa jina la herufi moja, W. Scheifler aliuchukua, akabadilisha namna programu zinavyozungumza na kioo ili zisingojane kila hatua, kisha akaupa jina la herufi inayofuata W katika alfabeti: X. Mwezi wa sita mwaka 1984 aliwaandikia wenzake wa MIT kuwajulisha kwamba X ipo. Hivyo ndivyo jina hilo la ajabu lilivyopatikana.

Mwenye kioo na wageni wake

Hapa ndipo jibu la swali langu lilipo. Scheifler na Gettys waligawa kazi.

Upande mmoja kuna programu inayoitwa seva ya X. Kazi yake ni kushika kioo, kibodi na kipanya. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuchora juu ya kioo. Upande wa pili kuna programu zote nyingine: ya kuandika barua, ya kuonyesha saa, ya kukata sauti. Hizo huitwa wateja. Mteja hachori mwenyewe. Huomba seva: nifungulie dirisha la upana huu, niandikie maneno haya. Seva nayo humjulisha mteja kwamba kitufe fulani kimebonyezwa au kipanya kimesogezwa.

Ni kama mwenye nyumba na wageni wake. Mgeni hafungui milango ovyo. Huomba, naye mwenye nyumba hufungua. Mgeni anaweza hata kuomba kutoka mbali, kwa kuwa maombi hayo hupita pia kwenye waya wa mtandao. Programu ikifanya kazi kwenye kompyuta kubwa ya jengo jingine, dirisha lake hufunguka mezani kwako. Kwa ajili ya hayo, kila programu hulazimika kuambiwa kioo kiko wapi, na anwani hiyo huwekwa kwenye jina liitwalo DISPLAY.

Waligawa tena. Seva ya X haijui kupamba dirisha, kuliwekea fremu wala kulisogeza. Kazi hiyo ina mteja wake maalumu, msimamizi wa madirisha. Mmoja wa wale wa zamani waliojulikana sana ni twm. Msingi wa waandishi wa X ulikuwa kutoa uwezo wa kuchora na kuwaachia watumiaji waamue sura.

Faida yake ni kubwa. Seva ikianguka, Unix iliyo chini yake inaendelea. Mafaili yapo, mtandao upo, amri zinajibiwa. Ndiyo sababu majina ya wale watoto yalisomeka. Lakini mgawanyo huo una bei yake pia. Kila unapogawa kazi kati ya watu wanne, kuna watu wanne wanaoweza kukosa kufika. Historia ya X kwenye kompyuta za Unix ni pia historia ya kutafuta nani hakufika.

Kugawa bure

Mwanzoni X ilitolewa kwa kampuni chache kwa leseni. Mwaka 1985, walipofikia toleo la 9, MIT iliamua kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi abakize maandishi ya haki ya wenyewe. Uamuzi huo ulibeba mfumo huu kuliko ufundi wowote. Kampuni nyingine zilikuwa na madirisha yao. Sun, kwa mfano, walikuwa na SunView na baadaye NeWS. Lakini X haikuwa mali ya mpinzani wa mtu yeyote, na haikuuzwa. DEC, IBM, HP, na mwishoni hata Sun, wote waliikubali.

Tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka 1987 likatoka toleo la 11. Mwezi wa kwanza mwaka 1988 kampuni hizo ziliunda chama cha kulitunza, Scheifler akiwa kiongozi wake. Toleo hilo la 11 halijapata toleo la 12 hadi leo. Limeongezewa na kurekebishwa, lakini lugha ya mteja na seva ni ileile ya 1987. Kwa hiyo mafundi huliita X11.

Usiku wa kukompaili

Kupata X siku hizo hakukuwa kama kupakua programu kwenye simu. Kama hukuitaka ile iliyotoka kwa muuzaji wa mashine yako, ulichukua maandishi yake, kwenye kanda za sumaku au kupitia intaneti ya vyuo vikuu. Nasema maandishi kwa sababu yalikuwa maelekezo yaliyoandikwa na watu kwa lugha ya C. Kompyuta haiielewi lugha hiyo moja kwa moja. Inabidi programu nyingine, kompaila, iyageuze kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo ndiyo kukompaili.

Maandishi ya X yalikuwa mengi mno, na Unix za wakati ule hazikufanana. Ya Sun iliweka vitu hapa, ya HP pale, ya IBM kwingine kabisa. Todd Brunhoff wa kampuni ya Tektronix aliandika chombo kiitwacho imake. Kila aina ya mashine ilikuwa na faili lake dogo la maelezo: sun.cf kwa Sun, hp.cf kwa HP, ibm.cf kwa IBM. Mambo ya mahali pako uliyaandika kwenye faili la site.def. Imake ilisoma yote hayo na kupanga kazi. Kisha fundi aliandika maneno mawili, make World, akaagiza majibu yote yaandikwe kwenye faili, na kwenda kulala. Kwenye mashine za wakati ule kazi hiyo ilichukua masaa mengi.

Asubuhi ndipo alijua alichovuna. Mara nyingi alikuta kazi imekatika katikati, na sababu zilikuwa zinarudiarudia.

Ya kwanza, diski imejaa. Maandishi yenyewe ni mengi, na yakigeuzwa yanazaa mafaili mengine mengi. Ndugu wasomaji, nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu.

Ya pili, maelezo ya mashine si sahihi. Fundi alikuwa na toleo jipya la Unix lakini faili la maelezo lilisema la zamani, basi imake ikatafuta vitu mahali visipokuwepo.

Ya tatu, kompaila yenyewe. Sun walipoleta Solaris 2 mwaka 1992, kompaila haikuja tena ndani ya mfumo, ilinunuliwa mbali. Wengi walikimbilia GCC, kompaila ya bure ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kila kompaila ina tabia zake, na mstari uliokubaliwa na moja ulikataliwa na nyingine.

Ya nne, maktaba. Programu za X hutumia sehemu za pamoja zinazokaa kwenye mafaili yao. Kompaili inaweza kwisha salama, lakini ukiita programu inajibu kwamba haioni maktaba yake. Maktaba ipo, mfumo ndio haujaambiwa ilipo.

Kuna hekima moja ya mafundi hao ambayo inafaa hata nje ya kompyuta. Faili la majibu likiwa na makosa mia, usianzie kusoma chini. Tafuta kosa la kwanza. Mengi yanayofuata ni watoto wa lile la kwanza, na ukilitibu hilo, hayo mengine yanaondoka yenyewe.

Kuwasha

Baada ya kukompaili kulikuja kuwasha. Amri ya msingi inaitwa xinit, na startx ni njia rahisi ya kuiita. Huanzisha seva kwanza, kisha wateja walioorodheshwa kwenye faili la mtumiaji liitwalo .xinitrc.

Kosa maarufu lilikuwa hili: madirisha yanafunguka, na kabla hujashika kipanya yanafungwa, unarudi kwenye kioo cheusi. Wengi walidhani mashine ni mbovu, kumbe tatizo lilikuwa kwenye .xinitrc. Kanuni ni kwamba mstari wa mwisho wa faili hilo ukiisha kazi, kikao chote kinafungwa. Mtu aliyeamuru programu zote zijiendeshe pembeni alifika mwisho wa faili mara moja, nayo X ikaona kazi imekwisha. Dawa ilikuwa kuiacha programu moja, kwa kawaida msimamizi wa madirisha, ikae mstari wa mwisho na kushika zamu.

Jingine lilitisha zaidi. Kioo kizima kinageuka rangi ya kijivu yenye vidoti vidogo kama kitambaa kilichofumwa, na katikati alama ya msalaba wa X inayofuata kipanya. Hakuna kingine. Hapo seva ilikuwa hai na nzima kabisa. Wageni tu hawajafika. Mwenye nyumba amekaa sebuleni peke yake.

Wakati mwingine seva ilikufa ikisema haioni fonti iitwayo "fixed". Wakati huo hiyo ilikuwa fonti ya lazima. Bila yake seva haikuanza. Sababu mara nyingi ni kwamba herufi hazikuwekwa mahali pake, au zimewekwa bila kutengenezewa orodha. Amri mkfontdir ilitengeneza orodha hiyo, na seva ikawaka.

Na ule ujumbe ambao kila mtumiaji wa X amewahi kuuona, "Can't open display", yaani programu haikuweza kukifikia kioo: ama DISPLAY haikuandikwa, ama imeandikwa vibaya, ama mwenye kioo hakumruhusu mgeni huyo. Ni mlango uliofungwa tu. Nyumba ingali imesimama.

X inaingia kwenye mashine za bei ndogo

Mpaka hapo nimezungumza juu ya mashine za vyuo na kampuni. Mtu wa kawaida alikuwa na kompyuta ndogo ya aina ya PC. Thomas Roell, Mjerumani, aliandika seva ya X kwa ajili ya mashine hizo, ikaitwa X386, na mwaka 1991 ikaingizwa katika toleo la MIT. Mwaka 1992 watu wanne, David Dawes, Glenn Lai, Jim Tsillas na David Wexelblat, waliunganisha marekebisho yao ya X386, na hapo ukazaliwa mradi wa XFree86. Mwaka huohuo Orest Zborowski aliiwezesha X kufanya kazi kwenye Linux. Kuanzia hapo, mwenye PC ya kawaida aliweza kuwa na Unix yenye madirisha bila kulipa leseni.

Lakini PC zilikuwa na kadi za picha na vioo vya kila aina, na mashine haikujua ni vipi imepewa. Fundi aliandika mwenyewe, kwenye faili la XF86Config, namba za kasi ya kioo: mistari mingapi kwa sekunde, picha ngapi kwa sekunde. Akikosea kidogo, picha ilicheza au haikuonekana. Akikosea sana, vioo vingine vya zamani viliweza kuharibika kabisa, na maelekezo ya XFree86 yalionya hivyo waziwazi. Watu walikaa na kitabu cha kioo mkononi wakipiga hesabu.

Seva ilipokataa, ilitoa maneno "no screens found". Ukiyasoma haraka unadhani kioo kimeharibika. Maana yake ni kwamba seva imejaribu kila ilichoelekezwa na hakuna kilichofaa: kadi si ile iliyoandikwa, au namba za kioo hazikubaliki. Baadaye seva ilianza kuweka alama kwenye kumbukumbu yake: (WW) kwa onyo, (EE) kwa kosa. Aliyetaka kujua alitafuta (EE) ya kwanza, si ya mwisho. Taratibu mashine zilijifunza kuuliza kioo chenyewe kinachoweza, na faili lile la namba likawa halihitajiki kwa wengi.

Ugomvi wa 2004

Mwezi wa pili mwaka 2004 XFree86 walitoa toleo la 4.4 lenye leseni mpya, iliyodai shukrani zao zitajwe kwa namna fulani. Neno lilikuwa dogo, lakini wasambazaji wengi wa Linux na wa mifumo mingine waliona halipatani na masharti ya programu zao, wakakataa. Kwa kuwa maandishi ya kabla ya badiliko yalikuwa huru, hakuna aliyeweza kuwazuia kuendelea nayo. Mwezi wa nne mwaka huo taasisi mpya, X.Org, ilitoa toleo lake, karibu kila mtu akahamia huko. Ule uamuzi wa MIT wa 1985 ndio uliowaokoa.

Mwishoni mwa 2005 X.Org waligawa lile fungu kubwa katika vipande vingi vinavyokompailiwa kimoja kimoja, na zama za make World zikafikia mwisho. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, njia mpya ambayo Linux nyingi za sasa zinaitumia. Hata humo kuna sehemu inayoendelea kuwapokea wateja wa X, ili programu za zamani zisitupwe.

Kwetu leo

Kwa nini mwandishi wa redio anawaeleza haya watu wenye shida kubwa kuliko kompyuta? Kwa sababu shule, vituo vya afya, ofisi za kambi na redio za huku zinafanya kazi kwa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, na ndani yake mna majina ya watu. Nimeona mashine ikifutwa yote kwa sababu ya kioo cheusi, na orodha ikaondoka nayo. Aliyeandikwa mara moja kwenye orodha hiyo hana nakala mfukoni.

Basi ikitokea kwenu, na mashine yenu ni ya Linux, fanyeni kama Papa alivyotufundisha.

Usiifute. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwenye mashine nyingi utapata kioo cheusi kinachouliza jina. Andika jina na neno la siri, na usishtuke kwamba neno la siri halionekani unapoliandika.

Andika ls uone mafaili yako. Kama orodha yako ni ya maandishi matupu, andika less na jina la faili, usome. Kama jambo ni la haraka, nakili kwa kalamu. Daftari halina haya.

Andika df -h. Ukiona diski imefika asilimia 100, huenda umeshapata ugonjwa. Hamisha kabla ya kufuta chochote.

Kama diski ina nafasi, mwite anayejua, asome kumbukumbu ya seva na kutafuta (EE) ya kwanza. Faili hilo mara nyingi huitwa Xorg.0.log.

Na orodha yenye majina ya watu isikae kwenye mashine moja tu.

Wale akina mama wawili walisikiliza kipindi chote kutoka kwenye benchi. Jina ambalo mmoja wao alilingoja lilisomwa jioni ile. La mwingine halikuwemo, akasema atarudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata kompyuta iliwaka vizuri, madirisha yote wazi. Hata hivyo daftari lilikuwa mezani, pembeni ya kipaza sauti, na bado liko hapo.